Alikunywa Kantini, Akaamka Kitandani



Juma hili barua zilizofika mezani petu ni nyingi, lakini moja imetuchekesha hata tukaiweka juu ya zote. Imetoka Musumba, kwa mwanafunzi wa darasa la mwisho la sekondari anayesoma hesabu na fizikia. Asema amesikia katika redio ya kwamba mabwana wa elimu huko Ulaya na China wameweza kuhamisha kitu kutoka mahali hata mahali pasipo kukipitisha njiani. Kisha auliza, kwa heshima zote, kama jambo hilo ndilo linalompata mjomba wake kila Jumamosi. Kwa maana saa nne ya usiku mjomba huwa yuko kantini, na kwa ushuhuda wake mwenyewe hajui lolote linalofuata mpaka afumbuapo macho Jumapili kitandani pake, kengele ya Misa ya pili inalia, kiatu kimoja ki mguuni na cha pili hakijulikani kilipo. Njia haikumbuki. Mlango haukumbuki. Basi, asema mwanafunzi wetu, ama mjomba alihamishwa kwa nguvu za fizikia, ama iko elimu nyingine ambayo haimo vitabuni mwetu.

Swali hili si la kupuuzwa, kwa maana ndani yake mna elimu, mna imani, na tena mna mshahara wa mwezi mzima. Tutalijibu kwa taratibu. Asiyependa fizikia avumilie kidogo. Hatutakaa huko sana.

Neno lenyewe, ambalo katika shule zetu za Kongo hutamkwa teleportasyoni, lilibuniwa mwaka 1931 na mwandishi Mmarekani jina lake Charles Fort. Huyu hakuwa mtu wa maabara. Kazi yake ilikuwa kukusanya habari za ajabu kutoka magazetini, kama vile mvua ya vyura na watu waliotoweka wasionekane tena. Baada yake wakaja watu wa sinema. Katika michezo ya televisheni iitwayo Star Trek, iliyoanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1966, watu husimama juu ya jukwaa dogo, wakayeyuka kama chumvi majini, kisha wakatokea katika ulimwengu mwingine na mavazi yao yote yamenyooka. Hakuna anayefika bila kiatu. Kwa hiyo mjomba hakusafiri kwa njia hiyo.

Elimu ya kweli ilianza mwaka 1993, Charles Bennett na wenzake watano walipoandika kwa hesabu namna jambo hilo liwezavyo kufanyika kwa chembe ndogo mno za ulimwengu. Mwaka 1997, katika mji wa Innsbruck nchini Austria, Anton Zeilinger na wenzake wakalifanya kwa mikono yao, kwa chembe za nuru ziitwazo fotoni. Mwaka 2004 walivuka mto Danube mjini Vienna, umbali wa mita 600. Mwaka 2012 walitoka kisiwa cha La Palma hata kisiwa cha Tenerife, kilomita 143, ambazo ni kama kutoka Kolwezi hata Likasi kwa mstari wa ndege. Mwaka 2017 Wachina, kwa msaada wa chombo walichokirusha angani mwaka uliotangulia, walitangaza ya kuwa wamefika kilomita 1,400. Yaani wangetoka Kolwezi wangeipita Kinshasa. Mwaka 2022 Zeilinger alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Mfaransa Alain Aspect na Mmarekani John Clauser. Basi si hadithi ya watoto.

Lakini ni kitu gani kilichohamishwa? Hapo ndipo wengi hukosea, hata watangazaji wa redio. Hakuna fotoni iliyoruka kutoka hapa ikatua pale. Kilichohamishwa ni hali yake. Wataalamu huumba kwanza fotoni mbili zilizo pacha. Moja hubaki hapa, ya pili hupelekwa kule, kwa njia ya kawaida kabisa. Halafu huleta fotoni ya tatu, ile yenye hali inayotakiwa kuhamishwa, wakaipima pamoja na pacha aliyebaki. Kwa kupimwa hivyo, hali ya ile ya tatu hupotea, isirudi. Matokeo ya kipimo hupelekwa kule kwa simu au kwa redio, na mtaalamu wa kule, akiisha kuyapata, humgeuza kidogo pacha aliye naye. Hapo pacha huyo huwa na hali ile ile iliyopotea huku.

Msomaji akiona jambo hili ni gumu, na afikiri juu ya pesa za simu. Mama wa Kolwezi anapomtumia nduguye wa Kapanga franka elfu ishirini, hakuna noti inayopita hewani. Kwake hesabu hupungua, kwa nduguye huongezeka, na katikati uko ujumbe tu. Tena zikiisha kutoka kwake, hazipo tena kwake. Kama zingebaki pande zote mbili, sote tungekuwa matajiri, na franka isingenunua hata kibiriti. Ndivyo ilivyo na chembe za nuru. Mwaka 1982 wataalamu William Wootters na Wojciech Zurek walionyesha kwa hesabu ya kuwa hali ya chembe isiyojulikana haiwezi kunakiliwa. Inaweza kuhama, haiwezi kuwa mbili. Na kwa sababu lazima ujumbe upelekwe kwa njia ya kawaida, hakuna linalofika upesi kuliko nuru yenyewe, ambayo mwendo wake ni kilomita 300,000 kwa kila sekunde.

Sasa tumpime mjomba kwa mizani hiyo.

Mwili wa mtu mwenye kilo 70 una atomu ambazo hesabu yake ni 7 ikifuatwa na sifuri 27. Wataalamu wa Innsbruck na Vienna walishughulika na chembe moja moja, tena katika maabara tulivu ambapo mtikisiko mdogo huharibu kazi yote. Kantini siyo mahali patulivu. Tena lazima pawe na pacha anayengoja upande wa pili. Na mke wa mjomba, kwa kadiri tujuavyo, hajawekewa mjomba wa pili chumbani, wala hatudhani kama angemtaka. Tena aliyepimwa huku hupotea huku. Lakini mjomba, siku ya Jumatatu, mwenye kantini humkumbuka vizuri sana, na deni lake limeandikwa katika daftari kwa wino usiofutika. Fizikia, basi, tumeiweka kando. Mjomba alipita njiani kama watu wote wapitavyo, hatua kwa hatua, ingawa pengine hazikuwa zimenyooka.

Kwa nini basi hakumbuki? Hili nalo lina jibu, tena ni jibu ambalo wanywaji wengi hawalijui. Wao hudhani ya kwamba walilala, au walizimia. Sivyo. Mtu katika hali hiyo hutembea, husema, huimba, hulipa, hugombana, hata huendesha pikipiki, Mungu apishe mbali. Ila katika ubongo iko sehemu moja ndogo iitwayo hipokampasi, ambayo kazi yake ni kama ya karani wa parokia: kuandika daftarini yanayotukia. Pombe ikipanda upesi katika damu, karani huyo huweka kalamu chini. Misa yaendelea, ndoa yafungwa, mtoto abatizwa, wala hakuna kinachoandikwa. Kesho yake ukifungua daftari, ukurasa ni mweupe.

Bwana mmoja daktari wa Marekani, Donald Goodwin, alilichungua jambo hili kiasi cha mwaka 1970. Aliwapa wanaume kumi pombe kali kwa muda wa saa nne, akawaonyesha vitu mbalimbali, vikiwamo vidude vya watoto vya kuchezea. Baada ya dakika mbili wengi wao waliweza kusema wameona nini. Baada ya nusu saa, nusu ya watu hao hawakukumbuka lolote, wala siku ya pili yake hawakukumbuka. Wasomaji waone hapo hatari ilipo. Mtu asiyeandikiwa kitu hana haja ya kuonekana mlevi sana. Aweza kukujibu sawasawa, akakuahidi karo ya shule, akakushika mkono kwa uthabiti, na asubuhi akakuuliza kwa mshangao: Karo gani? Hasemi uongo. Ahadi ile haikupata kuingia kichwani mwake. Watoto wangapi wa mitaa yetu wamewaita baba zao waongo kwa sababu hiyo? Na baba wangapi wamewapiga watoto wao kwa kudhani wamesingiziwa?

Sasa Maandiko Matakatifu. Mwanafunzi wetu ni Mkatoliki, naye ameandika kwa ujanja ya kuwa Biblia yenyewe inao watu waliohamishwa ghafula. Ni kweli, wapo. Katika Matendo ya Mitume, Filipo alipokwisha kumbatiza yule mkuu wa Ethiopia, Roho wa Bwana alimnyakua, akaonekana Azoto. Na katika kitabu cha Danieli, sura ya 14, iliyomo katika Biblia yetu ingawa haimo katika ile ya ndugu zetu Waprotestanti, yuko nabii Habakuki. Alikuwa amepika chakula, anakwenda shambani kuwapelekea wavunaji wake. Malaika akamwambia akipeleke Babeli, kwa Danieli aliyemo katika tundu la simba. Habakuki akajibu kama ambavyo ungejibu wewe: Babeli sijapata kuiona, na tundu hilo silijui. Malaika akamshika kwa nywele za kichwa, akamweka juu ya tundu. Na Danieli alipokwisha kula, Habakuki akarudishwa mara moja mahali pake.

Twaomba akina mama waitazame vizuri habari hiyo. Habakuki alitoka kwake na chakula mkononi, akafika na chakula kile kile mkononi, wala mchuzi haukumwagika. Wenye kuhamishwa siku za malipo huondoka na pesa mfukoni wakafika mfuko umegeuzwa nje. Malaika wa aina hiyo hatajwi popote katika Biblia.

Na kwa kuwa twamtaja mlevi na Maandiko pamoja, tukumbuke siku ya Pentekoste. Mitume walipoanza kunena kwa lugha, watu wa Yerusalemu walicheka wakisema wameshiba mvinyo mpya. Mtume Petro akawajibu ya kuwa hawa hawakulewa, kwa maana ni saa tatu ya mchana tu. Mwingereza au Mfaransa akisoma hapo lazima ahesabu vidole ajue maana yake. Sisi tunaosema Kiswahili twafahamu papo hapo, kwa sababu saa zetu ni zile zile za Mtume Petro. Ila twasikitika kusema ya kuwa hoja yake isingefaa kitu katika mitaa fulani ya Kolwezi, ambako saa tatu ya asubuhi wengine wamekwisha kuanza.

Wasidhani wasomaji ya kwamba twakataza kila tone. Bwana wetu katika arusi ya Kana hakugeuza divai kuwa maji. Aligeuza maji kuwa divai, mitungi sita ya mawe, nayo ilikuwa mikubwa. Mtume Paulo alimshauri Timoteo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Majirani zetu Wametodisti, ambao misheni yao huko Kapanga ni ya siku nyingi, hukaza kamba kuliko sisi, na Wakatoliki wengine huwacheka. Sisi hatuwacheki. Tumeona nyumba zao siku ya pili baada ya malipo.

Wasomaji wa Musumba watuwie radhi sasa, tukisimulia habari wanayoijua tangu maziwani, kwa ajili ya wale wa Kolwezi na Fungurume ambao huenda hawakuisikia. Mwanafunzi wetu anaishi katika mji ambao, kwa masimulizi ya wazee wa Walunda, asili ya ufalme wake ni magomvi ya pombe.

Katika nchi ya mto Nkalany alikuwako mtawala mmoja mzee, wengine humwita Nkond, wengine Yala Mwaku. Siku moja mzee alikuwa akisuka mkeka, na kando yake uko mtungi wa maji aliyoloweka nyuzi. Maji yalikuwa yamegeuka meupe kama tembo la mchikichi. Wanawe wawili, Kinguri na Chinyama, wakarudi nyumbani wamelewa. Walipouona mtungi walidhani ni pombe, baba anawanyima, wakamshambulia. Baba hakuishi kwa sababu ya mapigo yale. Lakini kabla hajafa aliwaondolea urithi wanawe, akampa binti yake Ruwej, na lukano, ile bangili ya ufalme, ikatunzwa kwa ajili yake. Ruwej akaolewa na mwindaji wa Kiluba, Chibinda Ilunga, na katika ukoo huo wakatoka wafalme waitwao Mwant Yav. Kinguri hakukubali kutawaliwa hivyo. Alishika njia ya magharibi pamoja na watu wake, hata ndani ya Angola, na Waimbangala wa Kasanje wamemhesabu kuwa mkuu wao wa kwanza. Chinyama naye alikwenda kwake, na Waluvale humtaja katika asili yao.

Hapo, mwanangu, ndipo utakapouona uhamisho ulio mkubwa kuliko ule wa Wachina. Mtungi mmoja wa maji ya kulowekea nyuzi ulimwondoa mtu Nkalany ukamweka Angola, asirudi tena. Na yafaa kuangalia hili: Kinguri hakupigana kwa ajili ya pombe. Pombe haikuwamo mtungini. Alipigana kwa ajili ya kitu alichodhani amekiona, na baba alikuwa anasuka mkeka wa kulalia watu wa nyumba yake.

Hata mji wenyewe wa Musumba ulikuwa na desturi ya kuhama. Kila Mwant Yav mpya alijijengea musumba wake, ukapangwa kwa sura ya kobe, na ule wa aliyetangulia ukaachwa. Mgeni aliyeelekezwa njia na babu yake angeweza kufika akakuta majani. Mjerumani Paul Pogge alifika Musumba mwaka 1875, mwenzake Max Buchner akafuata mwaka 1879. Wote wawili walitembea miezi mingi kutoka pwani ya Angola. Hakuna aliyewashika nywele.

(Mtu mmoja wa hapa ofisini aongeza ya kuwa bia zinazopikwa Lubumbashi huitwa Simba na Tembo, kwa hiyo mnywaji huanza kama simba, huendelea kama tembo, na usiku wa manane huingia kwake kama kobe wa Musumba. Tumemwambia arudi kwenye kazi yake.)

Liko jambo moja ambalo hatutalifanyia mzaha. Mjomba wa mwanafunzi huyu husema tu kwamba hajui. Wako wengine ambao, wakiamka katika ua wa jirani au kando ya shimo la machimbo, hawasemi hivyo. Husema wachawi waliwabeba. Husema walipakiwa katika ndege ya usiku. Mara bibi kizee fulani, mjane asiye na mtu wa kumsemea, ambaye nyumba yake iko njiani, hutajwa jina. Sote twajua yanayofuata katika nchi yetu akitajwa mtu wa namna hiyo: mawe, moto, kufukuzwa, au mtoto yatima kupelekwa kwa waombaji wa uongo akashindishwa njaa. Mtu mmoja ameshindwa kusema, Nalikunywa kupita kiasi. Mwingine analipa kwa uhai wake. Mkristu aliye shahidi wa maneno hayo, naye ajua saa ambayo mtu yule alitoka kantini na chupa alizokunywa, ana wajibu wa kusema hadharani, tena siku ile ile, kabla maneno hayajakimbia. Kunyamaza hapo ni dhambi, na katekista yeyote atakuambia ni dhambi ya amri ya nane, na pengine ya tano.

Barabara nayo haina mzaha. Kutoka Kolwezi kwenda Likasi na Lubumbashi malori ya shaba na kobalti hupita usiku na mchana, mizigo yao tani nyingi, na breki za mengine ni za kuombewa. Mtu atembeaye katikati ya lami saa nane ya usiku huku karani wake wa ubongo amelala, huyo haonekani mpaka lori liwe limemfikia. Na wanaokunywa lutuku wajue ya kuwa wauzaji wengine huiongezea nguvu kwa dawa za viwandani. Spiriti iitwayo methanoli, hata kidogo, hupofusha macho, na huua.

Mwanafunzi wetu ameandika pembeni mwa barua yake, kwa kalamu ya risasi, maneno ambayo nadhani hakutaka yachapwe. Twamwomba ruhusa tukiwa tumekwisha kuyachapa. Asema ya kwamba kila Jumamosi, saa sita ya usiku, yeye na mke wa mjomba hutoka na baiskeli. Humlaza mjomba juu ya mbao ya nyuma, mmoja akashika usukani, mwingine akamshikilia mgonjwa wao asianguke. Mama humvua kiatu kimoja, akachoka. Cha pili hudondoka njiani. Tena mjomba hajaambiwa, kwa maana mama asema ataona haya. Na mtihani wa serikali u karibu, na Jumapili kijana husinzia juu ya vitabu.

Hapo, mwanangu, hatukucheka tena.

Tutakushauri kama mzee amshaurivyo mtoto wa nduguye. Mjomba aambiwe. Asiambiwe usiku, wala Jumapili asubuhi kichwa kikimuuma. Aambiwe Jumatano jioni, akiisha kula, nawe usiseme, aseme mama, nawe uwepo. Aonyeshwe baiskeli. Ataona haya, ndiyo. Haya si sumu. Kinguri angalipata mtu wa kumwonyesha mtungi na kumwambia, Onja, ni maji, huenda asingalifika Angola.

Mjomba akiwa msomaji, mpe habari za Matt Talbot, mfanyakazi wa Dublin katika Ireland, aliyezaliwa mwaka 1856. Alianza kunywa akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Kwa ajili ya pombe aliuza viatu vyake, na siku moja yeye na wenzake waliiba fidla ya kipofu mmoja aliyejipatia riziki kwa kuipiga barabarani. Mwaka 1884, akiwa na miaka 28, alikosa mshahara juma zima. Akasimama nje ya nyumba ya pombe akingoja rafiki zake, wale aliowanunulia siku zote, wamwalike. Wakapita mmoja mmoja. Wengine walimsalimu. Hakuna aliyemwalika. Akageuka akarudi kwa mama yake, akamwambia anakwenda kuweka ahadi ya kuacha. Akaiweka kwa miezi mitatu tu, kwa kuwa hakuamini kama ataweza zaidi. Hakunywa tena kwa miaka 41, mpaka alipoanguka akafa njiani akienda Misa mwaka 1925. Yule kipofu alimtafuta mji mzima asimwone, na pesa za fidla akazitoa ziombewe Misa. Papa Paulo VI alimtangaza Mheshimiwa mwaka 1975. Alikuwa mbeba mbao, wala hakuandika kitabu.

Tena lipo la simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikafika kwetu Kongo mwaka 2012, na siku hizi hata Musumba mtu aweza kupokea. Mjomba akipokea malipo, asimame pale pale mlangoni pa ofisi, kabla hajageuka upande wa kantini, azihamishe pesa za chakula na za karo ziende katika simu ya mke wake. Zitapotea kwake na kutokea kwake mama, bila kupita njiani, bila kupita mbele ya rafiki hata mmoja. Huo ndio uhamisho wa papo kwa papo uliokwisha kufika Lualaba. Abakize za chupa mbili, na za kiatu.

Nawe Jumamosi hii usitoke na baiskeli. Mwombe jirani mwanamume, mtu mzima, aende badala yako, nawe ulale. Kuhusu swali lako la pili, kwamba munkoyo ni pombe au si pombe, jibu ni kuwa yategemea imekaa siku ngapi mtunguni, na nani anayeuliza.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutamjibu mama wa Kolwezi anayetaka kujua kama mtoto aliyebatizwa jina la mchezaji wa mpira aweza kubadilishiwa kabla ya Kipaimara.